Mtu Asiye na Koneksheni Anapataje Wateja?

Swali hili huja kwa sura nyingi. Kijana aliyetoka VETA na kufungua karakana ya milango ya aluminiamu analalamika: "Tenda wanapeana wenyewe kwa wenyewe, mimi nitaanzia wapi?" Mama anayepika chakula cha oda anasema wateja wake ni majirani tu, wa mbali watamjulia wapi? Mhasibu aliyeacha ajira ili afungue ofisi yake anakiri kwa sauti ya chini kwamba mjini bila kujuana huendi popote. Wote watatu wanauliza jambo moja. Mtu ambaye hakuzaliwa katika ukoo wa wafanyabiashara, hana mjomba bandarini wala shemeji wizarani, atawatoa wapi watu wa kununua kwake?

Lililo kweli katika malalamiko yao ni kwamba biashara hupita kwa watu. Mwenye fedha anapotafuta fundi haanzi na tangazo la ukutani. Anampigia mtu anayemwamini na kumuuliza, "Una fundi mzuri wa aluminiamu?" Jibu analopewa ndilo linaloamua nani ataitwa kesho asubuhi. Lisilo kweli ni picha tuliyonayo ya koneksheni. Wengi tunamuwaza mkubwa mmoja atakayetufungulia mlango. Mkubwa wa namna hiyo huwafaa wachache, tena kwa muda. Akihamishwa kituo au akistaafu, kazi zinaondoka naye. Koneksheni inayowalisha mafundi, wapishi na wenye maduka wengi wa miji yetu haina mkubwa ndani yake. Ni fundi bomba anayemtajia mwenye nyumba jina la mpiga plasta. Ni dereva wa bodaboda anayempeleka mgeni kwenye duka fulani na kulipita la jirani yake. Ni katibu wa kamati ya harusi anayesoma namba ya mpambaji kutoka kwenye simu yake.

Watu hawa wana hofu moja ambayo wafanyabiashara wengi hawaioni. Anayekutaja kwa mteja ameweka jina lake rehani. Ukichelewesha kazi, ukila malipo ya awali, ukimjibu mteja kwa ukali, lawama haziishii kwako. Zinamfikia na yeye: "Ndiyo fundi gani huyu uliyeniletea?" Kwa hiyo mtu anaweza kukupenda, akala kwako, akacheka nawe kila Jumapili, na asikutaje popote. Sura hii inahusu namna ya kumwondolea hofu hiyo.

Mali kauli: shule ya Kariakoo

Siku yoyote ya kazi katika mitaa ya Kariakoo, Dar es Salaam, utakuta wanunuzi kutoka Mbeya, Mtwara na Zanzibar, na wengine waliovuka mipaka kutoka Lubumbashi, Lusaka na Visiwa vya Komoro. Mzigo mwingi umetoka Guangzhou na Yiwu nchini China, mara nyingi ndani ya kontena moja walilochangia wafanyabiashara kadhaa. Biashara yote hiyo haiendeshwi kwa fedha taslimu pekee. Sehemu yake inakwenda kwa mali kauli, yaani mzigo unaokabidhiwa bila kulipa, kwa neno lako kwamba utauza na kuleta fedha siku mliyokubaliana. Mwenye duka la jumla hachukui hati ya nyumba wala haiti mwanasheria. Anakuhesabia mashati, anaandika kwenye daftari, unabeba.

Anayeliona jambo hili kutoka nje hudhani mali kauli hupewa ndugu na watu wa kabila moja. Undugu upo, sikatai. Lakini ukikaa dukani na kuangalia, utaona ngazi ambayo hata mgeni anaweza kuipanda. Kwanza unanunua kwa fedha taslimu, na unanunua kwenye duka lile lile. Muuzaji anakutazama bila kusema. Anaangalia kama unakuja siku uliyosema unakuja. Anaangalia kama mzigo wenye kasoro unaurudisha kesho yake au unaurudisha baada ya mwezi ukiwa umechakaa. Anasikiliza unavyomsema mwenye duka uliyekuwa ukinunua kwake kabla, maana anajua siku moja utamsema yeye. Halafu inafika siku ambayo fedha zako zimepungua kidogo, naye anasema, "Chukua tu, utaleta." Huo ndio mtihani. Deni hilo dogo huangaliwa kwa makini kuliko makubwa yatakayofuata, kwa sababu ndilo litakaloamua kama hayo makubwa yatakuwepo.

Ukilipa kwa siku, safari ijayo utapewa zaidi. Mtihani mgumu ni ule wa siku huna. Hapo wafanyabiashara wanagawanyika. Mmoja anazima simu na kubadilisha njia ili asipite mtaa ule. Mwingine anapiga simu siku moja kabla: "Bosi, kesho ndiyo siku yangu. Nimeuza nusu, mvua imetufungia minada. Nakutumia laki nne leo, zilizobaki nakuletea Jumamosi." Bosi atanung'unika. Anaweza hata kufoka. Lakini naye anadaiwa na mwagizaji, na mwagizaji anadaiwa na wenzake aliochangia nao kontena. Akijua leo kwamba kesho fedha haiji, ana siku nzima ya kujipanga. Asipojua, aibu itamkuta yeye mbele ya mtu wake. Anayetoa habari mapema amemlindia mwenzake jina, na hilo halisahauliki.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na kila muuzaji wa jumla analijua neno hilo kwa machungu yake. Hata hivyo sikubaliani na vitabu vinavyomwambia mfanyabiashara mdogo akimbie deni la kila aina. Deni dogo lililolipwa kwa siku, mbele ya watu wanaofahamiana, ni njia ya haraka sana ya mgeni kupata jina sokoni. Kinachotakiwa ni kulilinda kwa maandishi. Mkishaelewana kwa mdomo, tuma ujumbe mfupi wa simu: idadi, bei, siku ya kulipa. Nchini Tanzania Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua kumbukumbu za namna hiyo kama ushahidi. Lakini faida yake kubwa ni kwamba inazuia ugomvi wa "mimi nilikuelewa hivi" kabla haujazaliwa.

*Kwa ufupi: lipa deni dogo kwa siku yake, na ukishindwa, sema kabla siku haijafika.*

Wanaokujua nusunusu

Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, yaani msomi anayechunguza jinsi watu wanavyoishi pamoja, alichapisha jambo lililowashangaza wengi. Jina lake ni Mark Granovetter. Aliwauliza wafanyakazi wa mji wa Newton, karibu na Boston, walisikiaje habari za kazi walizozipata. Miongoni mwa waliosikia kupitia mtu, kama 17 tu katika kila 100 walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Wengi, kama 56, walikuwa wakionana naye mara chache, na 28 hivi hawakuwa wakionana naye ila kwa nadra sana. Kazi hazikuletwa na marafiki wa karibu. Zililetwa na watu wanaojuana nusunusu: mwenzako wa kazi ya zamani, uliyesoma naye, jamaa wa rafiki.

Sababu yake ni nyepesi ukiitafakari. Watu wa karibu yako wanaishi unapoishi, wanasikia unachosikia, wanawajua unaowajua. Habari mpya haiwezi kutoka kwao. Mtu unayekutana naye mara mbili kwa mwaka anaishi kwenye duara jingine, na duara lake limejaa watu ambao hawajawahi kusikia jina lako. Utafiti ule ulihusu ajira, tena huko Marekani, na sisemi kila kitu chake kinafanana na soko la Tandale au Gikomba. Lakini ukimuuliza mwenye biashara yeyote wateja wake wakubwa walimfikia vipi, aghalabu mnyororo wa majibu utampitia mtu mmoja asiyemjua vizuri.

Jambo hili linaeleza kitu kinachowatatiza akina mama wengi wajasiriamali. Wamo kwenye kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa. Wanakutana kila wiki, wananunua hisa, wanatozana faini kwa kuchelewa, wanajuana hadi majina ya watoto. Mbona hawapati wateja humo? Kwa sababu wote wanatoka mtaa mmoja, na pengine nusu yao wanauza vitu vinavyofanana. Kikoba hutoa mtaji, kwa kuwa mtaji unahitaji watu wanaokujua sana na wanaoweza kukubana. Wateja wanahitaji watu wa mbali zaidi. Anayekitarajia kikoba kimpe vyote viwili ataishia kuwauzia wenzake vitenge kwa mkopo na kuwanunia wasipolipa, na kikundi kizuri kitavunjika.

Wa mbali unawapata wapi? Maonesho ya Sabasaba kule Barabara ya Kilwa kila mwaka, Nane Nane kwenye kanda, mikutano ya chemba za wafanyabiashara, semina za mamlaka ya mapato, mahafali, vikao vya wazazi shuleni. Kuhudhuria hakutoshi. Naona watu wanarudi kutoka Sabasaba na mfuko wa kadi hamsini za majina ambazo hazitapigiwa simu kamwe. Afadhali uongee na watu wanne kwa kina, uwapigie wiki hiyo hiyo kabla sura yako haijawatoka, na uwe na sababu ya kupiga: namba ya fundi uliyomwahidi, bei uliyosema utaiulizia.

Kamati ya harusi

Hakuna mahali panapoonesha mambo haya kwa uwazi kama kamati ya harusi katika miji ya Tanzania. Familia inawaita watu ishirini, thelathini, kukusanya michango na kupanga shughuli. Kuna mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na kuna kamati ndogo za chakula, vinywaji, mapambo na usafiri. Angalia wanavyotoka: wawili ofisini kwa bwana harusi, watatu kanisani au msikitini, mmoja alisoma na bibi harusi Morogoro, mwingine ni mpangaji wa shangazi. Wengi hawajuani. Kila mmoja ana mguu katika duara lake. Kwa mtu anayetafuta wateja, hakuna chumba chenye utajiri kama hicho. Vikao vinaendelea kwa miezi, na kila kikao kina swali moja la fedha: "Mapambo tunampa nani?"

Tuseme wewe ndiye mpambaji, unaishi Tabata, na mmoja wa wajumbe anakujua nusunusu. Atakutaja au atanyamaza? Anajua wanachokiogopa wenzake. Wanaogopa mtu anayepokea kianzio na kuzima simu. Wanaogopa vitambaa visivyofanana na vile vya kwenye picha. Wanaogopa wageni kuingia ukumbini wakati ngazi bado zimesimama. Lolote kati ya haya likitokea, yeye ndiye atakayetazamwa, tena mbele ya ukoo mzima.

Kazi yako ni kumpa vitu vya kusimamia. Waalike wajumbe wawili waje kuona ukumbi uliopamba Jumamosi, saa moja kabla wageni hawajaingia, kwa ruhusa ya wenye shughuli. Andika bei kwenye karatasi, na uandike kilichomo na kisichomo: viti vingapi, meza ya keki, zulia, usafiri, saa ya kuanza kufunga, saa ya kumaliza. Karatasi hiyo ataibeba mjumbe wako hadi kikaoni. Akiulizwa, hatajibu kwa kukusifia tu. Atasoma.

Halafu kuna wale wanaofanya kazi pamoja nawe siku ya shughuli: mshereheshaji, mpishi, mpiga picha, mtu wa muziki, msimamizi wa ukumbi. Wapambaji wengi huwaona kama watu wa kugombania nao soketi za umeme. Lakini hebu fikiri. Kila mmoja wao yuko kwenye harusi nyingine wiki ijayo, na kila mmoja anaulizwa na familia, "Unamjua mpambaji mzuri?" Wao ndio waliokuona ukifanya kazi, jasho linakutoka, saa ya mwisho imefika. Mpambaji anayemaliza mapema ili mpiga picha apate picha za ukumbi mtupu, anayemwachia mtu wa muziki nafasi ya nyaya, anayempigia msimamizi wa ukumbi siku tatu kabla kuuliza geti linafunguliwa saa ngapi, huyo atatajwa kwenye harusi ambazo hata hajui kama zipo.

Hapa linaingia suala la cha juu, yaani fedha anayojiongezea mtu wa kati juu ya bei yako. Mawinga wa Kariakoo wanaishi kwa njia hiyo, na ni kazi halali ya kumtafutia mnunuzi bidhaa. Msimamo wangu ni huu: mlipe aliyekuletea kazi, lakini malipo yatoke kwenye faida yako na yasifichwe. Mshereheshaji akikwambia, "Waambie milioni tatu, mimi nina laki tano humo," mkataze kwa heshima. Siku kamati itakapogundua kwamba bei yako halisi ni milioni mbili na nusu, itawaona nyote wawili wezi, na mjumbe aliyekutaja ataaibika kwa kosa asilolijua.

Mambo yataharibika siku moja. Mvua itanyesha kwenye turubai, gari la viti litakwama Ubungo. Mtu wa kwanza kumpigia, baada ya kuwaita vijana wa kusaidia, ni yule aliyekutaja. Mwambie kabla mteja hajamwambia: "Dada, viti vimekwama, vitachelewa nusu saa, nimeshaazima mia moja hapa jirani." Ukimpa nafasi ya kujua kwanza, ataweza kukutetea. Asipojua, atakulaani pamoja na wengine, na ana haki.

Shughuli ikiisha, kamati inavunjika. Wajumbe wanarudi kwenye maduara yao, na kabla mwaka haujaisha baadhi yao watakuwa kwenye kamati nyingine, au kwenye sendofu, au kwenye kipaimara cha mtoto wa jirani. Mpigie aliyekutaja kesho yake. Mshukuru, mweleze kazi ilivyokwenda, muulize amesikia nini. Wengi wanamshukuru mteja aliyelipa na kumsahau aliyemleta.

Karatasi zinazomrahisishia mtu kukutaja

Mtu wa ofisini anaweza kukuamini kwa moyo wote na asiweze kukupa kazi, kwa sababu mhasibu wake atadai risiti. Mashine za risiti za kielektroniki, EFD, zilianza kutumika Tanzania mwaka 2010, na tangu hapo taasisi nyingi hazinunui bila risiti hiyo. Ongeza namba ya mlipakodi, leseni ya biashara, akaunti ya benki yenye jina la biashara, na profoma, yaani hati ya bei inayotolewa kabla ya mauzo. Vitu hivi havivutii kuvizungumza, lakini kuvikosa kunamfunga mdomo rafiki yako.

Hata kuhusu zabuni za serikali, ambazo kijana wa aluminiamu anaamini wanapeana wenyewe, usikate tamaa kabla ya kujisajili. Tangu 2023 ununuzi wa umma Tanzania unapitia mfumo wa kielektroniki wa NeST. Kenya, tangu 2013, kuna utaratibu wa kutenga asilimia 30 ya manunuzi ya serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Upendeleo haujaisha, lakini aliye nje ya mfumo hawezi hata kulalamika kwamba ameonewa.

Daftari la watu

Mali bila daftari hupotea bila habari, na wateja nao ni hivyo hivyo. Wafanyabiashara wengi wana daftari la madeni. Wachache wana daftari la watu. Si lazima uwe na programu ya kompyuta. Daftari la kaunta linatosha, ukurasa mmoja kwa kila mteja wa kudumu, na uandike:

- jina, na anavyopenda kuitwa: Mama Fulani, Mwalimu, Hajati, Injinia;
- nani alimleta kwako;
- alichonunua, lini, kwa bei gani;
- alicholalamikia, na ulikifanyia nini;
- ahadi uliyompa ambayo hujaitimiza.

Mstari wa pili ndio unaosahaulika, na kwangu ndio wenye thamani kuliko yote. Baada ya mwaka mmoja utagundua kwamba wateja wako wengi wameletwa na watu wachache sana, na baadhi yao hujawahi hata kuwapa asante.

Mara moja moja mpigie mteja simu isiyouza chochote. "Mzee, shikamoo. Mlango ule tuliokufungia bado unafunga vizuri?" Mlango ukiwa na kasoro, umeijua kabla haijawa hadithi ya mtaani. Mteja akifiwa, nenda msibani kama unaweza; ukishindwa, tuma rambirambi na neno la pole. Usigawe kadi ya biashara matangani. Na usimwingize mtu kwenye kundi la WhatsApp la matangazo bila kumuuliza. Namba ya simu ni mali yake, na Kenya kwa sheria ya 2019, Tanzania kwa sheria ya 2022, zinamlinda mwenye taarifa binafsi dhidi ya matumizi asiyoyaridhia.

Ndugu na bei ya undugu

Jamaa ndio wateja wa kwanza wa biashara nyingi, na ndio waliozizika nyingi pia. Shangazi anachukua kitenge, "nitakupa mwisho wa mwezi," na mwezi haufiki mwisho. Kumdai ni aibu, kunyamaza ni hasara. Ninavyoona, jamaa ana njia tatu tu za kupita: mpe zawadi, muuzie kwa fedha taslimu, au mwambie huna. Njia ya nne, ya mkopo usio na siku, inaua biashara na undugu kwa pamoja. Kauli ya heshima ipo: "Shangazi, hiki kimoja nakupa mimi mwenyewe, ni zawadi. Hivyo vingine ni vya biashara, kimoja elfu thelathini." Zawadi hiyo iandike kwenye matumizi yako ya nyumbani, usiiache ikae kwenye daftari la madeni kukusononesha.

Zawadi inapogeuka bahasha

Kumpelekea mteja kalenda ya mwaka mpya, au tende wakati wa Ramadhani, ni desturi njema. Bahasha anayopewa ofisa manunuzi ili akupitishe ni rushwa, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya Tanzania ya 2007 inamtia hatiani anayetoa na anayepokea. Ukitaka kuzitofautisha, jiulize kama ungeikabidhi mbele ya bosi wake, na kama ungeitoa hata kazi ikienda kwa mwingine.

Mbali na sheria, bahasha inaharibu kile kile unachokijenga. Aliyepokea fedha yako kwa siri hatataka kusikika akikutaja. Ukikutana naye kwenye mkutano atakupita. Umenunua kazi moja, na umempoteza mtu ambaye angekutaja miaka mingi.

Mteja mmoja mkubwa

Mwaka 2020 ugonjwa wa UVIKO-19 ulisimamisha safari za ndege duniani, na hoteli nyingi za Zanzibar na Arusha zikakosa wageni kwa miezi. Waliokuwa wakipeleka samaki, mboga au kufua mashuka kwa hoteli moja tu walibaki bila soko, ingawa hawakuwa wamekosea kitu. Uaminifu wao haukupungua. Mteja ndiye aliyeishiwa. Kama mteja mmoja anakuletea zaidi ya nusu ya mauzo yako, mhudumie vizuri kama kawaida, lakini muda unaoupata utumie kutafuta wa pili na wa tatu sasa hivi, wakati bado una fedha ya nauli na uso wa furaha. Anayetafuta wateja akiwa ameshakwama hukubali bei mbaya na masharti mabaya.

Leo, kabla hujafunga duka, andika majina ya watu waliowahi kukuletea mteja. Mchague mmoja ambaye hujaongea naye siku nyingi, umpigie. Usimwombe kitu. Mweleze kazi ya mtu wake iliishaje. Kama ilikwenda vibaya, mwambie umeirekebisha vipi; kama hujairekebisha, mtajie siku utakayofanya hivyo, na siku hiyo uifanye.